Wimbo Una Mwenyewe

Enzi ya chama kimoja nchini Kenya ilikuwa pia enzi ya kuimbishwa. Wanafunzi waliimbishwa kandokando ya barabara wakiungoja msafara wa Rais upite. Mwalimu wa kwaya alitunga nyimbo za sifa kwa kuwa hakuthubutu kutotunga. Redio ya taifa ilizirudia nyimbo hizo asubuhi na jioni, hata mkulima asiyewahi kumwona kiongozi yeyote akazijua kwa moyo kama sala. Aliyefumba kinywa chake alitazamwa kwa jicho baya. Kwa hiyo wanamageuzi waliopigania kufutwa kwa kifungu 2A cha Katiba, kifungu kilichoifanya KANU kuwa chama pekee halali tangu mwaka 1982 hadi kilipoondolewa Desemba 1991, hawakupigania haki ya kuunda vyama peke yake. Walipigania pia haki ya mtu kuchagua atamwimbia nani, na haki ya kutomwimbia mtu yeyote.

Ni kwa kipimo hicho tunaipima tabia ya wanasiasa wetu ya kutwaa nyimbo za wasanii na kuzitumia katika kampeni bila ruhusa. Wengi huichukulia kama mzaha. Wimbo uliovuma hupigwa kwenye gari la vipaza sauti mchana kutwa. Jina la mgombea hupachikwa mahali palipokuwa na jina la mpenzi. Video hutengenezwa usiku mmoja na kusambazwa nchi nzima kabla ya alfajiri. Mtunzi huipata habari kama mpita njia yeyote, na akilalamika huambiwa ana choyo. Sisi tunasema waziwazi: kumtwalia mtu wimbo wake ukauombea kura ni kumwimbisha kwa nguvu. Tofauti yake na zamani ni moja tu. Hapo kale ilibidi mwimbaji aletwe uwanjani yeye mwenyewe; leo sauti yake inatosha, naye aweza kuwa amelala nyumbani kwake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa tarehe 16 Mei 2022. Siku hiyo muungano wa Azimio la Umoja One Kenya ulimtangaza Bi. Martha Karua kuwa mgombea mwenza wa marehemu Raila Odinga. Katika video iliyosambazwa mitandaoni kuitangaza habari hiyo ulisikika wimbo Extravaganza wa kundi la Sauti Sol, uliotolewa mwaka 2019. Kundi hilo lilitoa taarifa bila kuchelewa. Lilisema halikuombwa ruhusa wala halikuitoa, kwamba halikufungamana na kampeni hiyo wala na chama chochote cha siasa, na kwamba lingetafuta haki yake kisheria. Muungano ulijibu kwa lugha ya upole, ukaeleza kwamba ulikuwa ukizithamini kazi za wasanii wa nyumbani.

Tumelitafakari sana jibu hilo. Kuthamini ni jambo jema, na si chama kila siku kinachojua jina la mwanamuziki. Lakini mtu akimchukua ng'ombe wa jirani usiku, akamchinja na kuwalisha wageni wake, hatujapata kusikia akiachiliwa kwa kuwa aliusifu unono wa ng'ombe yule mbele ya karamu. Sifa hazikuwa zikitakiwa. Kilichotakiwa ni hodi.

Kinachotuuma zaidi ni majina yaliyokuwa kwenye jukwaa lile. Raila Odinga aliwekwa kizuizini bila kesi chini ya utawala wa chama kimoja, na aliijua vizuri maana ya dola kujitwalia kisicho chake. Bi. Karua ni wakili mwenzetu ambaye jina lake limeandikwa katika historia ya mageuzi. Hatudai kwamba wao ndio walioketi wakachagua wimbo. Kazi hiyo hufanywa na vijana wa mitambo na makampuni ya matangazo, ambao hulipwa kwa kasi yao wala si kwa uangalifu wao. Lakini chama kinachoahidi utawala wa sheria kinatazamiwa kuwa na mtu mmoja, angalau mmoja, wa kuuliza: mali hii ni ya nani? Kejeli ya historia ni kwamba mmoja wa waimbaji walioshirikishwa katika wimbo ule, Crystal Asige, aliteuliwa kuwa seneta wa ODM baada ya uchaguzi huohuo. Hilo halipunguzi neno hata moja katika hoja yetu. Hata mwenye kukipenda chama ana haki ya kuulizwa.

Wafuasi nao hawakutusaidia. Wasanii wale, badala ya kujibiwa hoja yao, walitukanwa mitandaoni na watu waliohisi kwamba kulinda kazi ya mikono yako ni kumsaliti kiongozi. Hapo ndipo tuliposikia mwangwi wa miaka tusiyotaka irudi. Mtu anaposema "sikukuruhusu" akajibiwa "kumbe wewe ni wa upande ule", tumekwisha kurudi kwenye siasa ya baba na mama yetu, na vyama vingi vimebaki kwenye karatasi za kura tu.

Sheria yenyewe haina fumbo. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 40, inaiagiza dola kuunga mkono, kukuza na kulinda haki za ubunifu za watu wa Kenya. Ibara ya 11 inalirudia jukumu hilo chini ya utamaduni. Sheria ya Hakimiliki, nambari 12 ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika Februari 2003, inampa mwenye kazi mamlaka ya pekee juu ya kuinakili, kuigeuza, kuisambaza na kuifikisha kwa umma. Haki hiyo hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Sheria inaruhusu matumizi ya haki bila idhini kwa mambo kama utafiti, uhakiki na kuripoti habari. Tumeisoma mbele na nyuma, na kuomba kura hakumo.

Wanasheria wa vyama hupenda kusema, "Tulilipia leseni." Hebu tulifungue neno hilo, maana ndani yake ndimo ujanja unamojificha. Leseni inayotolewa na vyama vya kukusanya mirabaha ni ya kupiga muziki hadharani: hotelini, ndani ya matatu, ukumbini, uwanjani. Inamruhusu mwenye mkutano kuucheza wimbo kama ulivyo, watu wakausikia, basi. Haimruhusu kuushona wimbo huo pamoja na picha za mgombea akipunga mkono, kwa sababu kuoanisha muziki na picha ni haki nyingine, inayoombwa kwa mtunzi na kwa mwenye rekodi. Wala haimruhusu kuyabadili maneno. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ilikumbusha umma tofauti hii wakati wa mzozo wa mwaka 2022, kwa hiyo tangu siku hiyo hakuna chama kinachoweza kusema hakikujua. Anayeshika leseni ya kupiga muziki uwanjani na kuipunga mbele ya video ya kampeni ni kama abiria anayeonyesha tikiti ya Nakuru akitaka afikishwe Kisumu.

Kisha kuna kifungu cha 32, ambacho twakipenda kuliko vyote, na ambacho mahakama zetu hazijakitumia vya kutosha. Kinasema kwamba hata mtunzi akishauza haki zake zote za fedha, anabaki na haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi, na haki ya kupinga kazi yake isipotoshwe kwa namna inayoiharibu heshima yake au jina lake. Yaani kampuni yaweza kuinunua rekodi, lakini haiwezi kuununua uso wa aliyeiimba. Katika nchi ambayo jina la mtu humtambulisha kabila lake kabla hajafungua mdomo, na ambayo uchaguzi wa Desemba 2007 ulifuatwa na mauaji ya zaidi ya watu 1,000, kubandikwa upande wa kisiasa usioutaka si suala la mirabaha. Msanii anayefikiriwa kuwa wa chama fulani aweza kukosa kazi katika nusu ya kaunti za nchi hii. Aweza kukosa hata njia salama ya kurudi nyumbani.

Tazama yaliyolipata neno Sipangwingwi. Mwaka 2021 Exray, Trio Mio na Ssaru walitoa wimbo wenye jina hilo, neno la vijana wa mitaani lenye maana ya mtu asiyekubali kupangiwa maisha yake. Upande wa Kenya Kwanza ukalipandisha neno jukwaani, likawa silaha ya kuwapigia wapinzani. Kufikia Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilikuwa imeliweka katika orodha yake ya maneno ya chuki. Hatuutaji mfano huu kwa ajili ya ruhusa, bali kwa ajili ya kuonyesha kitu kinachoweza kuupata wimbo ukishaingia kinywani mwa siasa. Ulioingia ukiwa mchezo wa vijana ulitoka ukiwa umeandikwa katika daftari la serikali.

Wako watakaotuambia kwamba wimbo ukishapendwa ni wa wananchi, na kwamba mageuzi yenyewe yalisukumwa mbele na nyimbo ambazo hakuna aliyezilipia. Nusu ya kwanza ya maneno hayo ni kweli. Mwaka 1990, baada ya vibanda vya Muoroto jijini Nairobi kubomolewa, na baada ya Kenneth Matiba na Charles Rubia kuudai hadharani mfumo wa vyama vingi, kanda za nyimbo za Kikuyu zilizoyasimulia masaibu hayo ziliuzwa barabarani na kupigwa ndani ya matatu. Serikali ilizisaka. Kanda zilitwaliwa na wachuuzi wakakamatwa. Waliozitunga na kuziuza waliweka shingo zao rehani, na mwananchi aliyeinunua kanda kwa siri alilipa kwa fedha yake na kwa hofu yake. Sasa mtu aliyefika bungeni kwa mlango uliofunguliwa na watu wale anatuambia kwamba nyimbo hazina wenyewe!

Mwaka 2002 Gidi Gidi Maji Maji, vijana wawili, walitoa Unbwogable, neno waliloliunda kutokana na Kidholuo, la mtu asiyetishika. Haukutungwa kwa ajili ya NARC; ulikuwa wimbo wa vijana wanaojisemea wao wenyewe. Lakini NARC ilipoundwa Oktoba mwaka huo, ulikuta kinywa cha nchi kimefunguka tayari, na kufikia tarehe 27 Desemba kila mpinzani alikuwa hatishiki. Tunaukumbuka msisimko ule kwa furaha wala hatutaki kuuchafua. Umati unapoimba wenyewe, kwa kupenda kwake, hakuna wakili mwenye akili timamu atakayeupelekea hati ya madai. Wananchi wakiimba, wimbo unaishi. Sisi twazungumza juu ya chama chenye ofisi, mweka hazina na kampuni ya matangazo, kilicholipia helikopta, fulana, kofia, mabango na mafuta ya magari, kisha kikafika kwa mwanamuziki kikakuta mfuko umetoboka.

Tena wanamwambia kwamba atapata umaarufu. Umaarufu upi tena, ikiwa wimbo ulichaguliwa kwa kuwa ulikuwa maarufu? Mwenye kuchapisha mabango haambiwi achapishe kwa ajili ya kutangazwa jina lake. Na msanii wa Kenya anajua kuliko yeyote kwamba kutangazwa hakuliwi: vyama vinavyomkusanyia mirabaha vimegombana miaka nenda miaka rudi, na mwaka 2021 Bodi ya Hakimiliki ilizifuta leseni za vyama vitatu kwa mpigo. Katikati ya vurugu hizo, malipo ya ukweli kutoka kwa kampeni moja tajiri yangeweza kumsomesha mtoto wake.

Kwamba jambo hili linawezekana, tuna ushahidi hapahapa. Mwaka uleule wa 2022, Azimio hiyohiyo ilifanya kazi na Emmanuel Musindi, mwanamuziki kutoka Kakamega, na wimbo wake Lero ni Lero ukarudiwa kuwa Leo ni Leo, mtunzi mwenyewe akiwemo. Nchi nzima iliuimba. Hakuna aliyepungukiwa na kitu kwa sababu mwenye wimbo alijua unakokwenda.

Ng'ambo nako vyama vimejifunza kwa kuumia. New Zealand, ambayo imerithi sheria ya Kiingereza kama sisi, ilikuwa na kesi ambayo tungependa kila katibu mkuu wa chama aisome. Katika uchaguzi wa mwaka 2014 chama tawala cha National kilitumia katika matangazo yake muziki uliouigiza wimbo Lose Yourself wa Eminem. Chama hakikuiba kwa maana ya mtaani. Kilikuwa kimeulipia muziki huo kwa kampuni inayouza muziki wa matangazo, na jina lake lilikuwa Eminem Esque, jina ambalo peke yake lingetosha kumwamsha wakili usingizini. Mahakama Kuu ya huko iliamua mwaka 2017 kwamba hakimiliki ilivunjwa, ikakiamuru chama kilipe dola 600,000 za nchi hiyo. Mahakama ya Rufani ilipunguza kiasi hicho hadi dola 225,000 mwaka 2018, lakini kosa likabaki kosa. Twataka msomaji aone mambo mawili hapo: mshtakiwa alikuwa chama kilichoshika serikali, na mahakama haikupepesa macho. Marekani nako, Jackson Browne alimshtaki John McCain na chama chake kwa kuutumia wimbo Running on Empty katika tangazo la mwaka 2008. Mwaka uliofuata walipatana, na ndani ya mapatano hayo mlikuwa na kuombwa radhi hadharani.

Sasa tufikie jambo linalotutia wasiwasi, maana dawa nyingine huua. Hatutaki kusikia kwamba mkutano wa upinzani umevunjwa na askari kwa kisingizio kwamba wimbo uliopigwa haukulipiwa. Wakenya wanayajua hayo. Kabla ya mapatano ya IPPG ya mwaka 1997, Sheria ya Utulivu wa Umma ilikuwa ikidai leseni ya kufanya mkutano, na leseni ilikuwa kamba ya kumfunga mpinzani huku chama tawala kikijifanyia mikutano yake bila kuulizwa. Sheria ya Hakimiliki inayo makosa ya jinai ndani yake, na ofisa mwenye bidii mbaya aweza kuona ndani yake kirungu kipya. Kwa hiyo twasema mapema: haki hii ni ya msanii, na mlalamishi awe msanii. Aende mahakamani kudai zuio, fidia, au malipo ambayo angepata kama angeombwa ruhusa kwa njia ya haki. Polisi wakae mbali na vipaza sauti vya mikutano ya kisiasa, viwe vya serikali au vya upinzani.

Tunalotaka kutoka kwa vyama si gumu. Kanuni za maadili ya uchaguzi, zilizoambatanishwa na Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2011, tayari zinavifunga vyama na wagombea kwa mambo mengi; bunge liongeze sharti moja, kwamba hakuna kazi ya sanaa itakayotumiwa katika tangazo la kampeni bila idhini ya maandishi. Gharama ya muziki iandikwe katika hesabu za kampeni kama gharama ya karatasi inavyoandikwa. Tunajua Sheria ya Ufadhili wa Kampeni ya mwaka 2013 haikutumika mwaka 2017 wala 2022, kwa sababu wabunge hawapendi kuhesabiwa. Hatutachoka kuidai kwa sababu hiyohiyo. Vyama visingoje bunge. Chama kinachotaka kura za vijana mwaka 2027 kinaweza kutangaza leo kwamba kila wimbo kitakaoutumia kitauonyesha mkataba wake.

Na miungano itueleze nani atalipa. Miungano yetu ina desturi ya kufa kabla madeni yake hayajakomaa, na msanii anapofika na madai yake hukuta ofisi imegeuzwa duka la simu. Chama kilichosajiliwa ni mtu mbele ya sheria, hushtaki na kushtakiwa. Basi mkataba wa muungano utaje chama kipi kinabeba madeni ya kampeni, na msanii ashtaki hicho.

Kwa wasanii wenyewe tunayo maneno machache ya kiofisi. Hakimiliki huzaliwa na kazi yenyewe, lakini cheti cha Bodi ya Hakimiliki husaidia sana mbele ya hakimu, basi kichukueni mapema, kabla ya msimu wa kampeni. Hifadhini mikataba yenu na studio, maana wengi hugundua wakiwa wamechelewa kwamba rekodi si yao. Mkiona wimbo wenu katika video ya mgombea, inakilini kabla haijafutwa, mkiandika tarehe, saa na ukurasa ulipotoka. Kisha ipelekeni barua. Barua ya kwanza haizidi ukurasa mmoja: wimbo ni upi, umetumiwa wapi na lini, nani alipaswa kuulizwa, siku ngapi za kujibu. Tunawaomba mawakili wanaolisoma jarida hili waiandike bila malipo kwa msanii asiye na uwezo, na waielekeze kwa katibu mkuu wa chama kwa jina lake, wala si kwa kijana aliyeshika kompyuta.